Papa, Nimeuza Kifo Chako

Kwako Papa, baba yangu, uliyelala kaburini Bugarama,

Unakumbuka ulivyokuwa unauza mchele? Ulifungua gunia, ukamwacha mnunuzi atie mkono mpaka kwenye kiwiko, nawe ukanyamaza. Siku moja, nikiwa na miaka kumi hivi, mwanamke aliyetoka upande wa Ruhwa akakuuliza kama kuna mawe. Ukamjibu, "Mawe iko, lakini si mingi." Akaenda kununua kwa jirani. Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani. Wewe ulikuwa unapiga mluzi.

Mwaka huu na mimi nimefundishwa kuuza. Kampuni ya vichujio vya maji ilituchukua watu kumi na wawili, wiki sita hapa Kamembe, ili ipate wasimamizi wa mauzo. Asubuhi tulikuwa darasani, mchana tulipanda vilima kuuza, jioni majina yetu yaliandikwa ubaoni, aliyeuza zaidi juu, aliyeuza kidogo chini. Kila Ijumaa jina la mwisho lilifutwa, na mwenye jina akabeba mkoba wake akarudi kwao.

Wiki ya pili, mpaka Alhamisi, wa mwisho nilikuwa mimi. Mwalimu wetu, mtu mpole aliyekulia Bukavu kama wewe, akaniita pembeni.

"Muteja hanunue kichujio," akaniambia. "Ananunua habari yenye unamuelezea. Kwenu hakuna muntu alishakufa?"

"Papa."

"Alikufa na nini?"

"Presha."

Hakuniambia niseme uongo. Aliniangalia tu, akasubiri, kama mtu anayemngoja mtoto amalize hesabu.

Mchana huo, kwenye kilima cha Nyakarenzo, mbele ya akina mama wa ushirika, nikasema uliuawa na maji ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Sauti yangu ilitetemeka kweli, maana sikuwa nimekutaja mbele ya watu tangu tukuzike. Mama mmoja alilia. Saba walinunua. Jina langu likapanda.

Tulipofika Gitambi nikaongeza homa ya siku tatu. Siku nyingine nikaongeza kikombe: kwamba Maman ndiye aliyekuchotea yale maji, kwa mkono wake, bila kujua. Kikombe hicho kiliuza kuliko maneno yangu yote. Nilimaliza mafunzo nikiwa wa kwanza, nikapewa kusimamia wilaya nzima. Watu walinipigia makofi, na nilifurahi, Papa, sitakuficha. Kisha kampuni ikaomba habari yako iingie katika kitabu cha mafunzo. Nikatia sahihi.

Mwezi uliopita Maman alikuwa kwenye soko la Bugarama. Msichana mmoja wa kundi langu la wauzaji alisimama mbele ya watu akasimulia kikombe. Akasema marehemu ni baba wa bosi wake, akataja jina langu. Watu wakageuka kumtazama Maman. Alisikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake akaja ofisini kwangu, amevaa kitenge chake cha misa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ni miye nilimuua Papa yako?"

"Maman, ni kazi tu. Ni namna ya kuuza."

"Nimekuuliza kitu moja."

"Hapana, Maman."

"Basi uende uwaambie bale bantu ba ku soko."

Sikwenda. Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamwomba ukurasa ule utolewe. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa pole, halafu akasema habari hiyo inauza, na sahihi ni yangu. Tangu siku ile Maman hapokei simu yangu. Jumatatu kundi jipya linaanza, na atakayewafundisha ukurasa huo ni mimi. Naogopa kukataa.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba siku hizi nikifumba macho nakiona kile kikombe. Naijua hata rangi yake. Kwa hiyo naandika hapa jinsi ulivyokufa, kabla sijasahau.

Ilikuwa Jumapili mchana. Ulikuwa uani unageuza mpunga tuliouanika, mkono wa kushoto ukalegea, ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Maman alikuwa bado kanisani. Niliyekuwa nawe ni mimi. Nilikuuliza unaumwa wapi. Ukaangalia juu ya milima, ukasema, "Mvua inakuya. Funika mpunga."

Nikaenda kuufunika kwanza. Niliutandazia turubai, nikaweka mawe kwenye pembe zote nne, nikahakikisha upepo hautalifunua. Niliporudi ulikuwa umeshaondoka.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Maman.

Pumzika, Papa.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza.