Baba Anajiandaa Kucheza Nawe

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na zikukute mzima wa afya. Sisi hatujambo, ila joto limetuzidi, na paka wa jirani amehamia kwetu bila kukaribishwa. Mama anauliza kama unakula vizuri au bado unaishi kwa chai. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani kwetu husikilizwa na kila mtu, na baba ndiye wa kwanza kusogea.

Yale mazoezi ya wacheza gofu uliyomrekodia kwa sauti ameyashika kama sala. Kila asubuhi anasukuma meza ukutani, anaweka ufagio mabegani nyuma ya shingo na kuzungusha kiwiliwili kushoto na kulia, miguu imetulia. Analala chali mkekani na kuinua nyonga. Kisha anakaa kitini na kusimama bila kushika popote, anakaa tena, anasimama. Mwisho anakamua taulo ili viganja viwe na nguvu. Mama anasema mzee wa namna hii ama anataka kuoa tena ama ameahidiwa kazi jeshini. Baba anasema tu kwamba mwanawe mwalimu wa gofu akija, watamaliza mashimo yote kumi na nane.

Bado anasimulia enzi zake za kukata nyasi za uwanja ule wa gofu, na Jumatatu za wafanyakazi kuruhusiwa kucheza, alipokuwa akikuchukua na fimbo moja ya kuazima. Kila ukisema utakuja likizo ijayo, anaongeza zoezi. Likizo zimepita nyingi, kaka. Sikulaumu, najua kazi ni kazi. Lakini tumekukumbuka mno, na mimi nimekukumbuka hadi nakasirika.

Lile zoezi la kusimama kwa mguu mmoja ndilo lililotudanganya. Ulisema aliyelizoea anaweza kulifanya akiwa amefumba macho. Baba akatangaza kuwa amekwisha kuhitimu, akaanza kufumba macho katika mazoezi yote. Tukamcheka kwamba anaringa.

Wiki iliyopita nilifagia kabla ya kwenda kiwandani kuoka mikate, nikasahau kurudisha kiti mahali pake. Baba akatoka mkekani, akaja kukaa, akakaa hewani. Hakuvunjika kitu, namshukuru Mungu. Lakini nilimwona akipapasa sakafu kutafuta kiti, macho ameyafumbua, na kiti kiko hatua moja tu mbele yake.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Dawa zitachelewesha tu, hazitarudisha kilichopotea. Baba alikuwa akijua siku nyingi. Tukiwa njiani kurudi aliniambia hakuwa akiringa, alikuwa akijizoeza. Alisema mpira wa gofu una adabu, haukimbii, unamngoja mtu. Wewe utamwekea fimbo nyuma ya mpira na kumwelekeza, mengine mwili wenyewe utayajua. Kisha akaniapisha nisikuambie. Hataki uje kwa huruma, anataka uje kwa hamu.

Nimeshindwa kunyamaza. Mama alipomwonyesha picha yako ya ndevu, baba aliisifu sana, kumbe simu ilikuwa imekwisha kuzima. Uso wako anaoujua ni wa kijana wa miaka ishirini. Daktari hakuweza kutuambia lile tundu litabaki wazi hadi lini. Gofu inaweza kungoja, hata gizani ataicheza. Uso wako hauwezi kungoja. Njoo usimame mbele yake, karibu kabisa, upande wa kushoto.

Wasalimie wote wanaokutunza huko. Mama anakuombea kila siku, nami nakuombea nauli na ruhusa ya kazi. Ukifika, kaka, usimwambie kuwa nilikuandikia. Mwambie ni hamu tu iliyokuleta.

Ni mimi mdogo wako asiyejua kufunga mdomo,
Chiriku