Mtungi wa Stoo

Wanangu, wali uko jikoni. ~~Kuleni, mnisubiri humu ndani.~~ Bebeni mkale kwa shangazi yenu. Stoo msikanyage!

Asubuhi baba yenu amemimina rezini nyekundu ya kutengenezea kalamu, ile gundi inayoganda, akaifungia kwenye mtungi, akaujaza hewa kwa nguvu ya kubana mapovu. Nikamwambia tundu la kutolea hewa limezibwa na rezini ya jana, imekuwa jiwe, hewa ikizidi mtungi utalipuka. Akanicheka, eti mimi mwoga, akaondoka zake. Simu hapokei. Nakimbilia kwa fundi.

Mkimkuta baba njiani, mng'ang'anieni. Lieni hata kwa uongo. Akifika tu, huanzia stoo.

Nimerudi kuchungulia, ndiyo maana nimefuta pale juu. Kifuniko kimeinuka upande mmoja.

Mama