Chupa Zilizosuguliwa

Chumba cha juu, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu za mbali. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kifua chako je, kimepoa? Huku mama bado miguu inamvimba, nami nimechoka hata kalamu naiona nzito. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Mdogo wetu nilimpatia kazi ya usafi kule ninakofanya kazi, kwenye kituo cha kukuza samaki. Unamjua, akiona doa hapati usingizi. Siku ya kwanza akazikuta chupa zetu kubwa dirishani zimejaa maji ya kijani, akadhani ni uchafu wa watu wavivu. Alizimwaga zote, akazisugua kwa sabuni mpaka zikang'aa, kisha akaniita ili nimsifu. Kaka, haukuwa uchafu!

Ule ukijani ni mimea midogo mno, inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Vijidudu vya majini huila, na vifaranga vyetu vya chewa hula vijidudu. Chewa akikua humeza samaki wazimawazima, bwana mkubwa wa baharini, kumbe nguvu zake zote zimetoka juani, zikipitia matumbo ya wengine. Tena kila tumbo hutumia nyingi kwa kuogelea na kupumua, likabakiza kidogo tu. Ndiyo maana tunahitaji ukijani mwingi kwa chewa wachache.

Tuliomba mbegu ya ukijani kituo cha jirani, lakini haikuwahi. Vifaranga vyote vilikufa, nikavitoa kwa chujio.

Bosi alinuna, halafu akasema, "Basi, yameisha. Mwambie arudi kazini." Anayekataa ni mdogo wetu mwenyewe. Chakula hagusi, hanitazami usoni. Amefunga sanduku, mwisho wa mwezi anaondoka, popote, mradi asinitie aibu tena. Nimembembeleza mpaka sauti imekauka. Akienda, nani atanisaidia kumwinua mama kitandani? Peke yangu siwezi tena, nakwambia waziwazi.

Shemeji na watoto wasalimie sana, hasa yule mtundu wako.

Mdogo wetu wewe anakusikiliza. Siku zote ukipiga simu unauliza hali ya mama, kisha unaaga. Safari hii mwulize yeye hali yake kwanza.

Mungu akutunze huko uliko.

Akupendaye hata akiwa hoi,
Dada yako.