Shamba la Baba Limebaki

Songea, Juni 1997

Kaka Valence,

Shikamoo. Huku Matogoro baridi imeanza, na Mama anakohoa kidogo tu.

Ile kodi ya mashine ya kusaga waliyotutoza mara mbili imerudishwa. Mwaka mzima kila dirisha la ofisi ya kodi lilinituma dirisha jingine. Juzi karani mpya akaniambia, "Dada, faili lako lilichanganywa na la Lidwina mwingine, wa Namtumbo. Pole sana." Nikakaa kwenye benchi.

Sikukuandikia mapema, kaka, kwa sababu deni la dizeli lilinibana nikalitafutia shamba la Baba mnunuzi. Jana nimemwambia haliuzwi tena.

Mama hajui lolote. Leo amenituma shambani hukohuko kuchuma kisamvu, nami nimechuma taratibu, bila haraka ya kurudi.

Mdogo wako,
Lidwina