Usiwashe Gari, Nati ya Oili Imelika

Baba watoto,

Usiliwashe gari! Oili yote imechuruzikia kwenye beseni. Fundi atapita mchana achonge upya meno ya tundu la nati na kuweka nati kubwa kidogo. Wewe usishike spana, tafadhali. Watoto wako kwa jirani, wali upo jikoni, pasha tu.

Nati ilikuwa imekazwa vizuri tangu jana. Asubuhi ukaikaza kidogo, ukaikaza tena, mpaka ikawa inazunguka bure. Mimi nimesimama mlangoni na mkoba, safari ya kwenda kumwona mdogo wangu na kichanga chake cha juzi. Ukajifuta mikono, ukasema, "Basi, utaenda wiki ijayo." Safari iliyopita ilikuwa betri, kabla yake tairi. Humu ndani nimekuwa kama kabati, nasogezwa siku ya kufagia tu.

Ulipotoka kutafuta nati nyingine, nilikaa kitandani nikaanza kuvua viatu, kama kawaida yangu. Kimoja kikatoka. Nikakitazama weee, nikakivaa tena. Naenda na basi.

~~Nitarudi jioni.~~
Nitarudi keshokutwa. Dawa ya kikohozi ya mtoto wetu mdogo iko juu ya friji.

Mkeo,
Mama Mkubwa tangu juzi