Sanduku Linalong'aa

3 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti bado linanitangazia mvua kabla ya redio. Wewe je, kifua kimepona?

Fundi saa wa mtaani kwetu alikwenda huko kwenu juzi, akakuona unashuka kwenye basi na kamera yangu ndani ya foronya. Foronya! Na ile lenzi ndefu imechomoza nje kama shingo ya bata anayepelekwa sokoni. Nilijifunza kazi ya picha peke yangu, bila mwalimu, na bado sikuwahi kufikia akili ya foronya.

Kamera nilikuazima, sikukupa. Itafutie kitu cha kuibebea kabla ligi haijaanza, uniandikie ni kipi na kwa nini. Ukishindwa naichukua, nampa binamu yako. Najua mwanangu hawezi kupiga picha hata ya ukuta, lakini angalau ana kabati lenye kitasa.

Shangazi yako

11 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, pole kwa goti. Foronya ilikuwa safi, mwambie fundi saa.

Nimeshapata. Niliangalia mabegi ya mgongoni, nikaona ni ya wanafunzi. Ya begani, ni ya wauza bima. Mwisho muuzaji akanishushia sanduku la alumini linalong'aa, kufuli mbili za namba, sponji nyeusi ndani, na jina la kampuni ya kamera ubavuni kwa herufi kubwa. "Bosi," akasema, "hili wanabeba watu wanaojulikana." Nilipopita nalo chumba cha habari cha gazeti, hata mhariri wa michezo, ambaye huwa hanisalimii, aliinua macho. Kaahidi nikimletea picha moja ya goli inayochapishika, ananiajiri.

Usikasirike, lakini lile begi la nepi ulilobebea kamera zamani lilikufanya uonekane yaya aliyepotea njia akaingia uwanjani.

Mpwa wako

16 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halijambo, roho ndiyo inayouma.

Umeniandikia kuhusu kufuli, sponji na macho ya mhariri. Hujaniandikia neno hata moja kama kamera inaingia humo ikiwa imefungwa lenzi yake. Dukani ulikwenda na kamera, au ulikwenda na uso wako tu?

Yaya aliyepotea, sawa. Begi la nepi lilikuwa refu. Kamera ililala humo na lenzi yake, lenzi ikitazama chini, nikivuta zipu niko tayari. Juu yake nepi moja niliyoipaka chai makusudi. Hakuna mwizi aliyewahi kupitisha mkono. Wewe umenunua sanduku lililoandikwa ubavuni kilichomo ndani. Ungeongeza na saa unazolala.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai umeamka vizuri.

Haiingii. Sponji ina shimo la kamera na shimo la lenzi, kila mmoja na chumba chake kama wageni wasiojuana. Mechi ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti nafunga lenzi, uwanja ukalipuka nyuma ya kisogo changu. Goli. Mhariri akaniuliza, "Wewe, umekuja kupiga picha au kuunganisha bomba?" Kanipa mechi moja tu tena.

Jana nikaenda kwenye mazoezi ya timu nimeivaa kamera kifuani chini ya koti, na lenzi yake. Kwenye basi walinipisha kiti kama mjamzito. Sanduku nilikuwa nalo mkononi kwa ajili ya, basi nikubali, kuonekana. Ndani mlikuwa na mkate na soksi. Kituoni mtu akalinyakua, akatimua mbio. Kamera iko salama.

Sema tu.

Mpwa wako

6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mbavu tu ndizo zinauma kwa kucheka.

Mwizi amechagua kama ulivyochagua wewe, kwa kung'aa. Natamani ningekuwepo anapohangaika na zile kufuli mbili, akutane na soksi zako. Binamu yako ameshafuta vumbi kabatini. Nimemwambia asubiri hiyo mechi moja.

Nenda dukani tena. Safari hii kamera iwe imevaa lenzi. Iingize, itoe, iingize, itoe, na muuzaji akikuita bosi, toka.

Shangazi yako

29 Machi

Mpwa wangu,

Kimya chako kimenifikia salama, natumai na mwenyewe u mzima. Nilingoja barua, nikapata gazeti.

Ukurasa wa mwisho, jina lako limebanwa chini kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Mpira haujagusa wavu. Kipa yuko hewani, mdomo wazi, na jasho lake naliona hadi huku. Picha hiyo haipigwi na mtu aliyepiga magoti akifunga lenzi. Begi gani umenunua sikuulizi, naogopa utanijibu.

Binamu yako ameitazama sana, kisha akauliza mpira ni upi. Kwa hiyo kamera ni yako. Nimesema ni yako, sirudii, na usije ukaniandikia shukrani za kurasa nne.

Ila kipa umemkata mguu. Mtu mzima na akili zake karuka kwa nguvu zote alizojaliwa, wewe umempeleka kwa nchi nzima na mguu mmoja. Ningekuwa mama yake, saa hizi ningekuwa mlangoni kwako.

Shangazi yako