Msumari Tumboni mwa Mume wa Bi Zuhura

Jumanne, baada ya isha

Nilidhani kumwonyesha kungetosha. Bi Zuhura alitoka kijijini Mbwajumali kuniuliza kama kweli mganga alitoa msumari tumboni mwa mumewe, maana tumbo lenyewe linazidi kuvimba. Mimi hufanya mazingaombwe harusini. Najua msumari hufichwa wapi. Nikatoa wangu shingoni mwake, kisha nikamweleza jinsi vidole vilivyouficha.

Akashangilia. "Kumbe nawe waweza, Bwana! Njoo umtoe uliobaki."

"Hakuna uliobaki, Bi. Mpeleke hospitali."

"Wanibania tu. Wataka nikubembeleze!"

Akaondoka amenuna. Ningalianza na hospitali, nikauacha mkono wangu mfukoni, huenda angalinisikia. Lakini nilipenda kuonekana mwerevu, na sasa…

Sasa anaamini tuko waganga wawili, na mumewe hajaonwa na daktari hata mmoja.